Malaika wa Jumamosi

Loise alianza kumwogopa Memsab Estera siku ile alipomtandikia kadi mezani, mchana kweupe, nguo za wiki nzima zikipepea kwenye kamba nyuma ya nyumba.

Kabla ya hapo alikuwa akimwonea huruma tu. Memsab alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, Myahudi wa mji wa Saloniki, ambaye vita vya Wazungu vilimmalizia ukoo wote akabaki peke yake kama mche uliosahauliwa shambani. Mumewe, Mwingereza, aliajiriwa na idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo zenye namba kando ya mto Tana, kutoka Garsen kushuka hadi kule chini, na kuandika maji yamepanda wapi. Watu walimwita Bwana Vipimo. Wiki nyingi hakuwapo. Memsab alibaki kwenye nyumba ya mabati iliyojengwa mahali palipoinuka karibu na kivuko, na Loise alimpikia, akamfulia, akamkalisha kitako homa ilipomtupa. Katana, mumewe Loise, alikuwa mmoja wa wanaume wanaovuta kamba ya chuma ya feri pale pale chini, na mara nyingi Loise aliweza kuisikia sauti yake kutoka jikoni.

"Wewe kaa hapa," Memsab alimwambia siku hiyo. "Mimi taka onyesha wewe kitu."

Kadi zile hazikuwa kama zile askari wa kivukoni walizochezea. Zilikuwa ndefu, zimelegea kwa kushikwa, na kila moja ilikuwa na picha. Katika pembe ya kila picha, mkono wa mtu ulikuwa umeandika herufi moja ya Kiyahudi kwa wino uliofifia. Baba yake Memsab ndiye aliyeziandika.

Memsab alizigeuza polepole. Mnara uliopigwa radi, watu wakianguka vichwa chini. Mwezi, na mbwa wawili wanaubwekea. Kisha mifupa mitupu, imesimama shambani na fyekeo mkononi, na chini yake vichwa na mikono ya watu kama mabua.

"Wewe zaliwa siku gani?"

"Jumamosi, Memsab."

Memsab akaichukua ile kadi ya mifupa akaiweka pembeni, kama mtu anayeondoa kisu karibu na mtoto.

"Jumamosi ni siku ya Shabtai. Nyota ya mbali sana, baridi sana. Nyota hii iko na malaika. Jina yake Kasiyeli." Alilitaja jina kwa kushusha sauti. "Malaika zingine nasaidia watu. Yeye hapana. Yeye natazama tu. Mtu nalia, yeye natazama."

Loise hakujua kwamba mkono wake ulikuwa umekwenda tumboni mpaka alipomwona Memsab akiutazama.

"Loise. Wewe iko na mtoto."

Hakuwa amemwambia mtu, hata Katana. Watoto wawili walikwisha kuzikwa Kilelengwani, nyuma ya nyumba ya baba yake, Mwaringa; mmoja hakufikia hata kupewa jina. Safari hii alikuwa ameapa kuufunga mdomo mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Alisimama, akasema anakwenda kuanua nguo, na huko kambani akajikuta ameshika shuka mbichi usoni.

Alilelewa kanisani. Alisali usiku ule na usiku uliofuata, lakini kila alipofumba macho aliona mtu amesimama mlangoni, hafanyi lolote, anatazama.

Alipoona hawezi tena, alikwenda kwa Mwalimu Issack.

Mwalimu alikuwa mzee wa Ozi, mtu wa chuo, mwenye ndevu chache na kikohozi kingi. Alikuwa akija Garsen kwa mtumbwi na kufikia chumba cha nyuma ya duka la Msomali Diriye. Huko aliwaandikia wagonjwa makombe ya zafarani, wakayaosha wakanywa, na kuwatazamia nyota waliotaka kusafiri au kuoa. Wakristo nao walimwendea, ila kwa mlango wa uani.

"Jina lako, mwanangu?"

"Loise."

"Na la mama?"

"Mbodze."

"Siku ya kuzaliwa?"

Akamwambia. Mwalimu akapiga hesabu yake kwa kidole juu ya sinia la mchanga laini, kila herufi ya majina yale ikiwa na idadi yake, akajumlisha, akapunguza. Akakohoa.

"Nyota yako Jadi. Burji ya udongo, na mwenyewe ni Zohali, nyota ya Jumamosi. Nyota nzito hiyo. Usitishike, Mungu ndiye mwendeshaji. Kila siku ina malaika aliyewekwa juu yake. Jumatatu ni Jibrili. Yako wewe, Jumamosi, ni Kasfiyaili."

Loise akaushika ukingo wa sinia.

"Amesema hivyo hivyo," alisema. "Memsab. Amesema Kasiyeli. Amesema anatazama tu."

Mwalimu akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni.

"Mzungu yupi anajua jina hilo?"

Hivyo ndivyo Loise mwenyewe alivyowakutanisha. Baadaye alijilaumu sana, ila wakati ule alidhani kwamba Mwalimu akienda kule ataziangalia zile kadi, atacheka, atasema ni michezo ya Wazungu, na yule mtu wa mlangoni ataondoka.

Waliketi barazani, Memsab kwenye kiti cha turubai, Mwalimu kwenye mkeka aliokuja nao mwenyewe. Kiswahili cha Memsab kilikuwa cha jikoni na cha Mwalimu kilikuwa cha pwani, chenye maneno ya vitabuni, kwa hiyo Loise ilimbidi akae kati akimweleza kila mmoja alichosema mwenzake. Alikuwa akifasiri kwa kusitasita, mpaka Memsab alipotandika kadi zake kwa mpango na kuanza kusoma zile herufi za pembeni.

"Alef. Bet. Gimel. Dalet."

Mwalimu akaacha kukohoa. "Alif, be, jim, dali," alisema. "Moja, mbili, tatu, nne."

"He, vav, zayin."

"He, wau, ze. Tano, sita, saba." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwulize, ya kumi ni ipi?"

Haikuwa lazima kuuliza. Memsab alikwisha kusema yod, naye Mwalimu akasema ye, na toka hapo hawakumhitaji Loise tena. Mmoja alitaja herufi, mwingine akaidaka na idadi yake, kama watoto wawili waliofundishwa na mama mmoja wimbo wa kutwangia. Walimaliza herufi wakaingia kwenye nyota, walipomaliza nyota wakaingia kwenye malaika. Gavrieli, Jibrili. Mikhaeli, Mikaili. Anaeli wa Ijumaa, Anaili wa Ijumaa. Memsab alikuwa anacheka na kulia. Mwalimu alikuwa amekunja uso, na vidole vyake vilikimbia kwenye tasbihi.

Loise alitaka kuondoka. Ingekuwa kitu cha mtu mmoja, angesema ni wazimu wake. Lakini mmoja alitoka ng'ambo ya bahari mbili, mwingine hakuwahi kupita Lamu, na wote wawili walimjua yule yule.

Memsab ndiye aliyeomba. Alikuwa na ndugu mmoja, Alberto, aliyechukuliwa na askari katika vita. Hakuna aliyemwona akifa, na hakuna aliyemwona hai. Miaka imepita na kila ofisi imemjibu kwamba haijui.

"Mwalimu naweza uliza malaika?"

Mwalimu aliizungusha tasbihi yake mpaka mwisho. Kisha akasema, na Loise akafasiri huku ulimi ukimwia mzito, kwamba iko azima, kisomo cha kumwita khadimu wa siku, yaani malaika wake, asomewe, na mtazamaji atazame ndani ya wino. Lakini msomaji hawezi kutazama. Hutazama mtoto ambaye hajabaleghe, au mwanamke mjamzito.

Wote wawili wakamgeukia.

"Mimi siwezi," Loise alisema. "Mimi ni Mkristo, Mwalimu. Naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Lakini huyo tayari amesimama juu ya nyumba yako. Ukimtazamia huyu mama, nitakuandikia kinga ya mtoto wako, na sitaki chochote."

Memsab akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto kama wa mtu mwenye homa. "Loise, tafadhali. Mimi hapana mtu ingine."

Alikubali, na hakujua alikubali kwa huruma au kwa woga wa kukataa. Usiku alilala karibu na Katana bila kumwambia neno.

Jumamosi jua lilipochomoza, saa ile ya kwanza ambayo Mwalimu alisema ni ya Zohali, walikuwa sebuleni mwa Memsab. Madirisha yalifungwa, mlango wa jikoni ukaachwa wazi kidogo ili nuru iingie. Mwalimu aliwasha chetezo na kutia ubani na kitu kingine chenye harufu chungu. Mbele ya Loise waliweka bakuli jeupe la Memsab, lile la supu, limejaa wino mweusi na juu yake tone la mafuta. Memsab alizipanga kadi zake kulizunguka.

Mwalimu akaanza kusoma. Mwanzoni Loise alijua ni sauti yake. Kisha sauti ikateremka, ikawa nzito, jina lile likirudi na kurudi, na moshi ukamfanya macho yamtoke machozi. Aliinama juu ya bakuli. Aliona uso wake mwenyewe, mweusi ndani ya weusi. Alingoja. Hakukuwa na kitu kingine.

"Waona nini?" Mwalimu aliuliza.

"Sioni kitu."

"Tazama."

Akatazama. Mtoto alijipindua tumboni, au labda ni hofu tu, maana siku zake zilikuwa bado changa. Memsab alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia. Sauti ya Mwalimu ikaanza upya, kali zaidi, na Loise akaelewa kwamba hawatasimama. Watasoma na kusoma mpaka yule mtu wa mlangoni aingie kweli. Na ili wanyamaze, ili madirisha yafunguliwe, akasema uongo.

"Namwona mtu. Mwanamume."

Mwalimu akanyamaza. Loise akashukuru kwa kimya kile.

"Anafanya nini?" Memsab alinong'ona.

Kule kivukoni Katana na wenzake walikuwa wanatengeneza mbao za feri. Nyundo zilisikika. "Anapigilia misumari," Loise alisema.

"Mahali gani?"

Kwenye rafu, juu ya bega la Memsab, lilikuwapo kopo la jamu lenye picha ya machungwa. "Kuna miti. Ina machungwa mengi."

"Mkono yake. Sema mkono yake!"

Loise hakujua aseme nini juu ya mkono. Jicho lake likaangukia mkono wa Mwalimu, tasbihi imening'inia, kidole kidogo amekikunja ndani ya kiganja hata hakionekani.

"Kidole kidogo hakipo," alisema. "Cha mkono wa kushoto."

Memsab akapiga ukelele. Alipiga ukelele hata nyundo za kivukoni zikasimama, kisha akaanguka magoti na kuziparaganya kadi zake zote. Alberto alikuwa mtoto mdogo mlango wa tanuri la mikate ulipomkata kidole kile. Mkono wa kushoto. Baba alikasirika mno kiasi kwamba nyumbani habari ile haikutajwa tena. Hakumwambia mtu yeyote katika nchi hii, hata mumewe.

Loise alitazama ndani ya bakuli. Uso wake ulikuwa pale pale, mdomo umefunguka kidogo.

Aliinuka akakimbilia uani.

Alikaa na jambo lile mpaka alipoona masanduku ya Memsab yametolewa chini ya kitanda. Memsab alikuwa anakwenda nchi ya machungwa, ng'ambo, ambako Wayahudi wengi waliobaki walikimbilia. Aliimba akikunja nguo. Loise akamkimbilia Mwalimu Issack kwanza, akamwambia yote: nyundo, kopo, kidole kilichokunjwa.

Mwalimu aliutazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mimi azima ile sikuwahi kuisoma kabla ya siku ile," alisema mwishowe. "Nilimsikia mwalimu wangu akiisoma, nikiwa kijana. Alinikataza. Nilipomwona mwanamke yule anazijua herufi, kiburi kikaniingia." Akakohoa. "Nenda ukamwambie. Asiondoke kwa uongo."

Akaenda. Alimkuta Memsab anafunga mkanda wa sanduku, akasema huku amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Memsab, mimi sikuona kitu. Nilidanganya. Niliogopa, nikasema tu. Machungwa niliyaona kwenye kopo."

Memsab hakukasirika. Loise alikuwa amejiandaa kwa makofi, kwa kufukuzwa. Memsab alikuja karibu, akamtazama kinywani.

"Kidole, wewe naona kwa kopo?"

"Kwa mkono wa Mwalimu, Memsab. Alikuwa amekikunja."

"Na kushoto? Mwalimu nashika tasbihi mkono ya kulia."

Loise akaitazama mikono yake mwenyewe, wa kulia, kisha wa kushoto. Ni kweli. Mwalimu alishika tasbihi kwa mkono wa kulia, siku zote.

"Nani nasema kushoto, Loise?" Memsab aliuliza kwa upole. "Wewe hapana ona. Sawa. Lakini nani nasema?"

Hilo ndilo swali aliloondoka nalo Loise, na likawa baya kuliko kadi zote. Memsab alivuka kwa feri Jumatatu iliyofuata, Katana akimvuta; ng'ambo ya mto alipanda lori, akapunga leso mpaka likapotea njia ya Malindi. Mwalimu alileta kinga, imeshonwa ndani ya ngozi. Loise aliipokea kwa sababu aliogopa kuikataa, akaitia ndani ya kibuyu kwa sababu aliogopa kuivaa.

Mtoto alizaliwa Jumamosi. Uchungu ulianza Ijumaa, na mkunga alishangaa kumwona mzazi akizuia, akibana meno, akiuliza kama jua la Jumamosi limeshatua. Alipotoka, alikuwa msichana, na kwa kitambo hakulia. Loise aliinuka kwa viwiko akatazama mlangoni. Kisha mtoto akalia, sauti kubwa ya hasira, na Katana, aliyekuwa nje, akacheka. Wakamwita Kadii. Alinyonya, akanenepa. Hakuugua hata mafua.

Loise alikuwa ameanza kulala usingizi wa kweli Bwana Vipimo, aliyekuwa amemfuata mkewe ng'ambo, aliporudi peke yake kung'oa nguzo zake. Alipita kibandani kwao, kofia mkononi.

"Memsab anakusalimu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. "Alimpata kaka yake. Anafanya kazi kwenye mashamba ya machungwa. Anatengeneza masanduku ya mbao ya kupakilia. Sijui alijuaje pa kutafuta. Anasema wewe unajua."

Katana alishangilia, akampiga mkewe begani. Loise alisimama pale na Kadii mgongoni, na hakuna furaha yoyote iliyomjia.

Bwana Vipimo alikwisha kuisimulia habari ile dukani kwa Diriye kabla ya kufika kwao. Haikupita muda watu wakaanza kuja. Walikuja na mabakuli. Guracha, mwenye ng'ombe wengi, alitaka kuonyeshwa walioiba ndama zake. Mwanamke wa Minjila alitaka kujua mume yuko kwa nani. Loise aliwaambia wote haoni, hajui, hajawahi kuona. Walitabasamu na kusema mganga mzuri hujificha.

Kisha akaja Hawo. Alikuwa Msomali mwenye umri wa mama yake, na vumbi la safari miguuni. Mwanawe wa kwanza alikwenda na ngamia upande wa kaskazini wakati wa kiangazi. Ngamia walirudi. Hakuwa na bakuli, alikuwa na kikombe cha bati tu, na ndani yake maji.

"Sitaki malaika," alisema. "Nataka kujua nimlilie au nimngoje."

"Mama, nakuapia kwa Mungu, mimi sijui kitu."

"Tazama tu, mwanangu. Tazama mara moja."

Loise hakukitazama kikombe. Alimtazama Hawo usoni, akataka kumwambia pole, na hapo akahisi neno likimpanda kooni. Halikuwa pole. Lilikuwa jipya, zima, kama kokoto iliyowekwa juu ya ulimi, na hakukuwa na kitu chochote chumbani alichoweza kuwa amelitoa. Hakukuwa na picha wala sauti ya nyundo. Neno lilikuwa kisima.

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Umeona," Hawo alisema. Kikombe kilimwagika. "Umeona! Sema! Kwa ajili ya mtoto wako huyo, sema!"

Loise alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka juu ya vidole, na hakuiondoa mikono. Hawo alimvuta, akamsihi, akamlaani, mwishowe akakaa chini kizingitini akalia kwa sauti ndogo. Loise alimtazama akilia. Alikuwa amesimama, hasaidii, anatazama tu. Alipojiona hivyo, ndipo hofu ilipomfika mpaka kwenye mifupa.

Katana aliporudi alimkuta amefunga mizigo. Alimweleza yote kwa mara ya kwanza, toka kadi mpaka kikombe, naye Katana, mtu wa kucheka, hakucheka. Aliuliza neno moja tu:

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kwa sababu lingekuwa kweli."

Wakahamia Kilelengwani kwa Mwaringa, wakalima mpunga. Katana hakurudi tena kwenye kamba ya feri. Wakati mmoja Mwalimu Issack aliteremshwa na mtumbwi kuja kumwona Kadii, akambariki, akasema chetezo chake hakijawashwa toka asubuhi ile. Alikunywa uji akaenda zake Ozi.

Loise alipata watoto wengine watatu. Majirani walimjua kama mwanamke mkarimu asiyebahatisha neno: ukimwuliza kama mvua itanyesha atakwambia hajui, hata wingu likiwa juu ya paa lake. Kama mwana wa Hawo alipatikana, na wapi, hakuuliza kamwe. Mgeni akianza kusimulia habari za Garsen, aliinuka, akachukua ndoo yake, akateremka mtoni.